Jua Limewaka Lakini Gofu Imefungwa: Sababu 7 Kwa Nini Mvua Hutesa Nyasi ya Mabwenyenye (na Kedi Ndiye Hulala Njaa)

Wasee, hii lazima umeiona. Ni mwezi wa nne, Nairobi imenyeshewa wiki nzima. Asubuhi moja jua linatoka, mathree inapita Ngong Road, unaangalia ng'ambo ya ua na uwanja wa gofu umewaka kijani hadi unaumiza macho. Lakini hakuna mtu. Hakuna mzee na kofia yake, hakuna kedi na begi mgongoni. Unajiuliza, kwani hawa watu wa pesa wanaogopa tope?

Hawaogopi. Wamefungiwa. Na si memba anayeumia zaidi, juu yeye atarudi ofisini ama aagize chai klabuni. Anayeumia ni kedi. Kazi yake ni ya raundi: mtu akicheza, analipwa, mtu asipocheza, anarudi mtaani vile alikuja. Wiki mbili za uwanja kufungwa ni rent inayolia.

Sasa swali lenyewe. Nyasi si hupenda maji? Mvua si ni baraka? Kwa shamba la babu, sawa. Kwa uwanja wa gofu, mvua ikizidi ni msiba wa polepole. Twende moja baada ya nyingine.

1. Maji ni mengi kuliko vile unadhani

Tupige hesabu ya darasa la sita. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwa eneo la mita 1 mraba ni lita 1 ya maji. Grini, ile sehemu laini yenye shimo na bendera, huwa kama mita mraba 500. Usiku mmoja Nairobi ikipata milimita 50, hiyo grini moja imemwagiwa lita 25,000. Hizo ni mitungi 1,250 ya lita 20. Kwa grini moja.

Sasa panua hadi uwanja mzima wa mashimo 18. Tuseme ni hekta 50, saizi ya kawaida. Mvua ile ile ya milimita 50 ni lita milioni 25. Ungehitaji malori 2,500 ya maji, yale ya lita 10,000, kuyabeba yote. Na hiyo ni usiku mmoja tu. Mvua ndefu ya hapa hunyesha Machi hadi Mei, na Aprili ndio huwa mbaya zaidi. Kabla maji ya juzi hayajashuka, ya leo yashafika.

Kazi ya kwanza ya mtunza nyasi, basi, si kumwagilia maji. Ni kuyafukuza.

2. Nyasi pia hupumua, na inaweza kufa maji

Watu wengi hudhani mizizi hunywa maji tu. Kumbe mizizi hupumua, oksijeni kabisa kama wewe. Udongo mzuri una vitundu vidogo vidogo, vingine vimebeba maji, vingine vimebeba hewa. Mvua ikizidi, kila kitundu kinajaa maji na hewa inafurushwa. Mizizi na vijidudu vya udongoni vinamaliza ile oksijeni kidogo iliyobaki, na mpya haiingii haraka, juu hewa hupita pole sana ndani ya maji.

Hapo mizizi inaanza kuoza kutoka chini. Iliyokuwa imeshuka mbali inabaki mifupi, karibu na uso. Na ujanja wa huu ugonjwa ni kwamba juu hauoni kitu. Majani bado ni kijani. Halafu Mei inaisha, jua la siku tatu linawaka, na nyasi iliyokuwa inaogelea inakauka kwa kiu, juu haina mizizi ya kufuata maji chini. Memba anashangaa, "Si mvua ilinyesha juzi?" Ndio, na hiyo mvua ndiyo iliiua.

Kuna hatua mbaya zaidi. Udongo ukikaa bila hewa muda mrefu, vijidudu vingine vinavyoishi bila oksijeni vinachukua usukani na kutoa gesi yenye harufu ya yai bovu. Ukikata kipande cha hiyo ardhi unaona mstari mweusi ndani, kama masizi. Mtunza nyasi akinusa hiyo harufu asubuhi, anajua siku yake imeharibika kabla ya chai.

3. Udongo wa Nairobi ni watu wawili tofauti

Kama umewahi kushuka mathree Embakasi, Syokimau ama Athi River wakati wa mvua, unajua ile udongo nyeusi inayoshika kiatu hadi unabaki na soksi. Hiyo ni black cotton. Ikikauka inapasuka nyufa kubwa kubwa. Ikilowa inafura, nyufa zinajifunga, na maji hayapenyi tena. Yanakaa juu kama sufuria. Uwanja uliojengwa hapo hauwezi kutegemea maji yazame. Lazima ardhi ichongwe na miteremko, maji yatembee juu hadi mtaroni.

Ukienda upande wa Muthaiga, Kiambu ama Limuru, unapata udongo mwekundu. Huu pia una mfinyanzi mwingi lakini umejipanga kwa punje punje, kwa hivyo maji hupita vizuri zaidi. Tatizo lake ni lingine: pahali palipo wazi bila nyasi, mvua kubwa huusomba, na unaona mto umegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Grini zenyewe ni stori tofauti. Nyingi za kisasa hazikai juu ya udongo wa asili hata kidogo. Zimejengwa kama keki. Chini kabisa kuna paipu zenye matundu, juu yake kokoto kama sentimita 10, halafu mchanga maalum kama sentimita 30, ndio nyasi inapandwa. Huu mpango ulitolewa na chama cha gofu cha Marekani, USGA, mwaka wa 1960, na bado unatumika dunia nzima.

Ujanja wake ni huu. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe, iweke juu ya kokoto. Haimwagi maji yote, inashikilia kiasi. Ukiendelea kuimwagia, inafika mahali inashindwa na kuachilia maji ya ziada chini. Mchanga juu ya kokoto hufanya hivyo hivyo: jua likiwaka unabaki na maji kidogo ya mizizi, mvua ikizidi unayatema. Noma, si ndio?

Lakini hii keki ni ya bei, na grini za zamani zilijengwa kwa kulundika tu udongo uliokuwa karibu. Ndio maana klabu mbili zinaweza kunyeshewa mvua sawa usiku mmoja, moja ikafungua saa tatu asubuhi na nyingine ikabaki dimbwi hadi Alhamisi.

4. Miguu yako ni silaha

Hapa ndipo swali la "mbona wamefunga na jua linawaka" linapata jibu.

Udongo mkavu hubeba uzito bila shida. Udongo uliolowa umepakwa mafuta, tuseme hivyo. Punje zake zinateleza, na ukikanyaga zinasukumana na kujipanga zikibanana. Vile vitundu vya hewa tuliongelea vinabonyea, na havirudi vyenyewe ukitoa mguu. Yaani siku moja ya kukanyaga tope inaweza kukupa udongo mgumu wa miezi.

Fanya hesabu. Wachezaji wanne na makedi wao wanne ni miguu 16 kwa kila grini. Tuseme Jumamosi wamekuja wachezaji 100, kila mmoja na kedi wake. Hiyo ni watu 200 wamepita pale pale, karibu na lile shimo moja. Ongeza vile vigari vya gofu, vikizunguka na kuteleza kwenye fewei, ile njia ndefu ya nyasi kati ya mahali pa kuanzia na grini. Tairi moja ikiteleza inang'oa nyasi na kuacha mfereji. Maji ya kesho yatafuata huo mfereji, na kesho kutwa una mtaro ambao hukuuomba.

Ndio maana kuna ngazi za kufunga. Kwanza wanaruhusu vigari kwa njia ya lami pekee. Halafu wanakataza vigari vyote. Halafu wanafungua mashimo 9 badala ya 18. Wakati mwingine wanakata shimo la muda kwenye fewei ili grini ipumzike. Kufunga kila kitu ni kadi ya mwisho.

5. Nyasi haingoji mashine

Mvua inaponyesha, nyasi inakua kama deni la simu. Lakini mashine ya kukata haiwezi kuingia, juu ni nzito na itazama. Siku tano zinapita. Sasa nyasi ya fewei iliyofaa kuwa kama sentimita moja na nusu imefika tano.

Kuna sheria moja kila mtunza nyasi anaimba: usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Sababu ni rahisi. Jani ndilo jiko la nyasi; hapo ndipo chakula kinapikwa kwa mwanga wa jua. Ukikata zaidi ya theluthi unabomoa jiko, nyasi inaacha kulisha mizizi na kutumia akiba yote kuotesha majani mapya. Mizizi yenyewe tayari ilikuwa inaoza. Unaona venye shida zinashikana mikono?

Kwa hivyo hawezi kushuka kutoka tano hadi moja na nusu siku moja. Lazima ashuke ngazi kwa ngazi, kukata, kungoja, kukata tena, akiomba mvua isirudi katikati. Akiharakisha, anafika kwenye shina la rangi ya majani makavu, na fewei inakaa kama kichwa kimenyolewa na kinyozi mlevi. Grini ndio presha zaidi, juu zile hukatwa kwa milimita. Milimita tatu ama nne hivi. Ukikosea milimita moja, kila mtu anaona.

Na hapa kuna stori ya kujivunia. Moja ya nyasi zinazokimbia zaidi mvua ikinyesha ni nyasi ya Kikuyu. Ile ile unaiona kando ya barabara Kiambu, iliyo kwa uwanja wa shule yenu. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na jina lake limetoka hapa kwetu. Ilipelekwa California zaidi ya miaka 100 iliyopita kuzuia mmomonyoko wa udongo, na ikagoma kubaki mahali ilipandwa. Huko majuu wanaihesabu kama magugu sumbufu, lakini Riviera, klabu maarufu ya Los Angeles, fewei zake ni nyasi ya Kikuyu. Uwanja huo ndio umechaguliwa kwa gofu ya Olimpiki ya 2028. Kwa hivyo mabingwa wa dunia watapigania medali wakiwa wamekanyaga jamaa yetu.

Mbona inapendwa na kuchukiwa? Inatambaa juu na chini ya ardhi, inajifunga kama mkeka, na ukiikanyaga inapona. Kwa uwanja wenye mvua nyingi hiyo ni nguvu. Lakini huo mkeka ukiachwa unene, unageuka sponji. Maji yanakaa hapo juu, mpira unazama, na mashine inateleza. Pia inavamia grini kama mgeni wa wikendi aliyekuja na begi kubwa.

6. Fangasi inakuja kupiga sherehe

Majani yakikaa yamelowa masaa mengi na kuna joto kiasi, fangasi imepata keja. Unaamka unaona madoa ya mviringo kwenye grini, mengine saizi ya sarafu, mengine saizi ya sahani. Kuna aina ya pithiamu ambayo inapenda maji sana. Ikipata usiku wa joto na nyasi iliyolowa, inaweza kusafisha eneo kubwa haraka, ikifuata pale maji yanapita.

Dawa zipo, lakini mvua inacheka. Ukipulizia saa kumi jioni na inyeshe saa moja usiku, ile dawa ya kukaa juu ya jani imeoshwa hadi mtoni, na chapaa nayo imeenda. Kwa hivyo watunza nyasi wazuri hutumia akili kabla ya dawa. Alfajiri utawaona wakiburuta kamba ama paipu juu ya grini. Si mchezo, wanaangusha umande ili jani likauke mapema na fangasi ikose masaa yake.

Mbolea nayo ni mtego wa pande mbili. Mvua husomba naitrojeni kutoka mchangani, nyasi inageuka njano. Ukikosa kuiongeza, kuna fangasi zinazopenda nyasi yenye njaa. Ukiimwaga nyingi kwa haraka, majani yanakuwa laini na matamu, na fangasi nyingine zinakuja kukula hizo. Na ile ya ziada haipotei, inaishia mtoni, ambako watu wa chini wanaoga na kumwagilia sukuma. Njia ya heshima ni kuweka kidogo kidogo, mara nyingi, na kamwe si saa moja kabla ya mawingu meusi.

7. Mchanga unahama

Banka ni yale mashimo ya mchanga ya kutesa wachezaji. Kuta zake zina mteremko. Mvua kubwa ikipiga, mchanga wote unateleza hadi chini, ukuta unabaki udongo mtupu, na katikati kuna bwawa la bata. Halafu tope kutoka kuta inachanganyika na mchanga mweupe, na mchanga wenye tope haupitishi maji tena. Mvua inayofuata bwawa linakaa siku mbili zaidi.

Hakuna mashine ya miujiza hapa. Ni vijana na sepetu, gambuti na wilbaro, wanatoa maji kwa pampu, wanasukuma mchanga kurudi juu. Uwanja una banka nyingi. Wanamaliza Jumatano, mvua inapiga Jumatano usiku, Alhamisi wanaanza upya. Ukiskia mtu anasema kazi ya klabu ni ya kupumzika kwa kivuli, muulize kama amewahi kujaza banka mwezi wa nne.

Sasa nani husema "leo hakuna"?

Kuna mkuu wa uwanja. Anafika kabla jua, anatembea mashimo yote kwa miguu, hasa yale ya bondeni. Anakanyaga, anaangalia: maji yanatokea kando ya kiatu? Alama ya kisigino inabaki? Anachoma chuma kirefu ardhini kuskia ulaini. Halafu anapiga simu.

Hiyo simu ni ngumu. Upande mmoja kuna memba amelipa ada ya mwaka na ana mgeni wa biashara saa nne. Upande mwingine kuna grini ambayo ikikanyagwa leo itaugua hadi Agosti. Na tukumbuke kalenda ya hapa: mvua ndefu ikiisha, Juni na Julai ni baridi na mawingu. Jua ni haba, udongo unakauka pole, na nyasi za kwetu hupunguza mwendo. Kidonda cha Aprili hakipati wakati mzuri wa kupona. Kuna siku moja ya kufungua mapema inayoweza kugharimu miezi.

Na katikati ya hizo pande mbili kuna kedi amekaa getini tangu saa kumi na mbili, hana kura. Ukweli ni kwamba uwanja ukiharibika sana atakosa kazi hata zaidi, lakini hiyo haijazi sufuria jioni. Klabu ikiwa na akili, hizi ndizo siku za kuwapa makedi kazi ya mikono: kuziba alama, kutoa maji, kurudisha mchanga. Wanaujua uwanja kuliko memba yeyote, wanajua ni shimo gani hujaa kwanza. Na mfuko hauendi nyumbani mtupu.

Dawa ni gani?

Kazi ya mvua hufanywa kabla ya mvua. Januari na Februari, udongo ukiwa mkavu, ndio wakati wa kuzibua mitaro na kutoboa ardhi. Wana mashine yenye misumari mitupu ndani. Inang'oa vipande vya udongo kama soseji fupi, inaacha mashimo, halafu wanajaza mchanga. Memba hulia sana wakiona hayo matundu, ati mpira unaruka ruka. Lakini hayo matundu ndiyo pua za nyasi. Ukiskia klabu imeyaahirisha kwa sababu ya tonamenti, ngoja Aprili.

Mchanga wenyewe una masharti. Si ule wa mjengo wenye vumbi. Ukitaka kujua, weka mchanga kwa chupa nusu, jaza maji, tikisa, acha itulie. Ukiona safu nene ya matope juu, huo mchanga utaziba badala ya kuzibua.

Mvua ikifika, wanainua urefu wa kukata kidogo ili jani lishike mwanga zaidi na mizizi ipate chakula. Mashine kubwa zinapumzika, ndogo za kusukuma kwa mkono zinaingia. Maji ya juu yanasukumwa na raba pana, kama ile ya kukausha sakafu ya hoteli. Na shimo la bendera linahamishwa kila siku kwenda mahali pa juu, pakavu.

Wenye pesa ya kuchoma wana kitu kinaitwa SubAir: feni kubwa imeunganishwa na paipu chini ya grini, inavuta maji kwenda chini ama inapuliza hewa juu. Augusta National kule Marekani, nyumbani kwa Masters, wanayo. Sisi wengine tuna raba na gambuti.

Ukijipata uwanjani

Labda boss amekualika, labda umeenda Magical Kenya Open kupiga picha. Kuna vitu vitatu vya kujua.

Kwanza, mpira ukianguka kwa dimbwi la mvua, sheria za gofu zinakupa nafuu bila adhabu. Unatafuta pahali pakavu pa karibu, si karibu na shimo zaidi, na unaangusha mpira hapo. Ukizama kwa tope kwenye fewei ndani ya tundu lake wenyewe, pia unautoa bure. Lakini ndani ya banka, nafuu ya bure ni humo humo ndani. Ukitaka kutoka nje unalipa pigo moja.

Pili, mpira ukitua kwenye grini laini unaacha kidonda. Kiziba: choma kando ya shimo kwa uma mdogo, sukuma nyasi kuelekea katikati, kanyaga polepole. Usiinue kutoka chini, utakata mizizi. Ni sekunde kumi tu na umemuokoa mtu.

Tatu, ukiskia king'ora kirefu kimoja, acha kucheza hapo hapo. Hiyo ni ya radi. Umesimama mahali pa wazi umeshika chuma, na mti wa peke yake si mwavuli. Rudi klabuni.

Hii inakuhusu aje?

Sawa, hauchezi gofu na hauna mpango. Lakini ule uwanja wa mtaa wenu, mahali mbogi inapiga boli Jumapili, unakufa kwa sababu zile zile. Mvua inanyesha, mechi inapigwa tope hadi magoti, udongo unabanana, na kufikia Juni katikati ni saruji na vumbi. Halafu tunasema nyasi imekataa kuota.

Haijakataa. Imekosa hewa. Wasee wa timu wakikubali kukosa wikendi moja baada ya mvua kubwa, wakichimba mtaro kando ya uwanja, wakihamisha mazoezi kutoka mbele ya goli, na Februari wakichukua foki na kutoboa ardhi kila hatua moja kisha kujaza mchanga msafi, tofauti itaonekana. Haihitaji ada ya memba.

Kuna kubwa zaidi. Mvua ya 2024 iliua zaidi ya watu 200 nchini, na wengi Nairobi walisombwa mahali ambapo maji hayakuwa na pa kwenda. Kila ardhi yenye nyasi na mizizi mirefu hunywa mvua kiasi na kuchelewesha iliyobaki. Kila ardhi iliyobanana ama kufunikwa na simiti huisukuma yote kwa jirani wa chini, kwa kasi. Uwanja wa gofu uliotunzwa vibaya humwaga maji na mbolea. Uliotunzwa vizuri hushikilia. Kwa hivyo hata kama hautawahi kuingia kwa lile geti, ile nyasi ng'ambo ya ua inafanya kazi upande wako, ama inakufanyia madharau.

Next time ukipita Ngong Road na uone kijani kitupu chini ya jua, ujue kuna mtu ameamka saa kumi kutembea hayo mashimo yote kwa miguu. Na ukipatana na kedi kwa mathree akirudi mchana mapema, mwachie siti.